Shajara ya filamu "Kabla na Baada": kliniki moja, muuaji mmoja, mafungu 100

Ni filamu ya kutisha ya dakika 80 hivi. Muuaji amefungwa bandeji kichwa kizima, mahali ni kliniki ya upasuaji wa urembo, na hadithi inachukua siku kumi. Waigizaji saba, watu tisa nyuma ya kamera, siku 12 za kurekodi. Fedha hatuzitaji: bajeti yote tumeigawa mafungu 100, anayetaka kunakili atapiga hesabu kwa mfuko wake. Mgawo wa kuanzia: chakula na usafiri 24, kamera na taa 18, eneo 14, mekapu na ngozi bandia 12, sauti 10, mavazi na damu 7, diski 5, akiba 10. Palipokwenda sawa tunapita mbio.

8 Januari: Mswada, rasimu ya tatu

Rasimu mbili za kwanza zilikuwa na kasoro moja. Kila aliyetaka kubadilishwa uso alikufa, na asiyetaka alipona. Ndiyo mazoea ya filamu za aina hii, kosa dogo na adhabu ya kisu, lakini hapa yaliiweka filamu upande wa muuaji. Mtazamaji angetoka akisema "wamejitakia wenyewe".

Marekebisho hayakuhitaji maonyesho mapya, ila kuhamisha maneno. Dharau zote za uso sasa zinasemwa na watu wapole: mshauri wa kliniki, dada wa bibi harusi, programu ya simu inayolainisha ngozi bila kuombwa. Muuaji hasemi neno. Mstari ambao mshauri aliuchora mchana ndio anaoufuata usiku. Wa tatu kufa si mgonjwa, ni mama wa usafi. Mshauri alimwinulia ncha ya pua kwa kidole huku akicheka, akamwambia, "Mama, wewe hata huhitaji kingi." Onyesho hilo lina nusu ukurasa, na ndilo la mwisho tutakalokubali kulikata.

Kurasa zimeshuka kutoka 112 hadi 84, na maeneo kutoka tisa hadi manne. Kila eneo lililofutwa limeokoa karibu nusu siku ya kuhamisha taa.

21 Januari: Kalenda ya majeraha

Muuguzi wa chumba cha upasuaji aliusoma mswada, akaurudisha na alama za kuuliza kwenye kurasa 19. Haya ndiyo makubwa.

Mhusika alidungwa botulinum, dawa ya kulegeza misuli ya uso, asubuhi, na jioni paji lake likawa "limekufa ganzi". Makosa mawili kwa mpigo. Dawa hiyo huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika karibu wiki mbili, kisha huisha baada ya miezi mitatu au minne. Tena haitii ganzi: inazuia neva isiiamuru misuli, lakini ngozi inaendelea kuhisi. Kosa hili lilitupa onyesho zuri kuliko lile la awali. Mwanamke anahisi kila kitu, macho yanapiga kelele, paji halikunji hata mkunjo mmoja.

Mgonjwa wa pua alikuwa amebandua kifuniko kigumu siku ya pili. Kwa kawaida hukaa kama wiki. Damu iliyovilia chini ya macho huanza na wekundu wa zambarau, hugeuka buluu, kisha kijani, halafu njano ya kahawia, na hufifia ndani ya wiki mbili hivi. Sisi tulikuwa tumeandika njano siku ya tatu. Ndiyo sababu hadithi imetoka siku tatu na kuwa siku kumi.

Mkato wa kuvuta uso nao ulikuwa umewekwa shavuni, kama kovu la jambazi. Mkato halisi hujificha: hushuka mbele ya sikio, huzunguka ndewe, hupanda nyuma ya sikio na kuishia kwenye nywele. Na yule bibi harusi hawezi kunywa sharubati mlangoni mwa chumba cha upasuaji, maana mgonjwa anayelazwa usingizi hufungishwa kula na kunywa kwanza.

Kwa kuwa hakuna anayerekodi kwa mpangilio wa hadithi, tulitengeneza karatasi moja ya ukutani. Safu za juu ni siku za hadithi 1 hadi 10, za pembeni ni majina ya wahusika, na kila kijisanduku kina namba ya rangi ya mchubuko na idadi ya nyuzi. Gharama yake ni karatasi na jioni mbili. Bila hiyo tungerudia angalau siku nzima.

2 Februari: Damu

Mchanganyiko uliofaulu: shira ya mahindi lita 1, rangi nyekundu ya chakula mililita 30, rangi ya buluu matone manne, kakao kijiko kimoja cha chai kilichokorogwa kwanza kwa maji ya moto, na maji mililita 120. Kakao ndiyo inayoondoa uwazi. Bila yake damu inaonekana kama jamu. Kwa damu ya nguoni na sakafuni ongeza kijiko cha sabuni ya vyombo, itatambaa vizuri na itafulika. Damu ya mdomoni isiwe na sabuni, na chupa zake ziwe na utepe wa rangi nyingine. Fomula maarufu ya Dick Smith, gwiji wa mekapu wa Marekani, ilikuwa na Photo-Flo, dawa ya kuoshea filamu za picha, kwa kazi hiyohiyo ya kutambaa. Usiiguse kama damu itakaribia mdomo.

Kosa letu lilikuwa kuijaribu damu kwa macho. Chini ya taa nyeupe ya ubaridi, kamera iliiona ya waridi. Tuliongeza kakao nusu kijiko na tone moja la buluu, tukapima tena kupitia kamera ileile na taa ileile. Vitambaa vya chumba cha upasuaji vya kijani-buluu vilisaidia bure: rangi hiyo iko mkabala na nyekundu, kwa hiyo tone moja linaonekana kutoka mlangoni. Tulitengeneza lita 14, tukatumia 9.

9 Februari: Uso, jaribio la kwanza (limeshindwa)

Mpango ulikuwa uso mzima wa silikoni kwa siku ambayo bandeji inafunguliwa. Chapa ya uso wa mwigizaji ilichukuliwa kwa alijineti, unga wa mwani unaokorogwa kwa maji, na kuimarishwa kwa bandeji za plasta. Pua iachwe wazi muda wote, mtu mmoja kazi yake iwe kutazama pumzi tu, na mkubaliane ishara ya mkono ya "toa sasa". Jasi imwagwe humo papo hapo, kwani alijineti hupoteza maji na kusinyaa.

Hapo palikwenda vizuri. Balaa lilikuja kwenye kalibu. Udongo tuliofinyangia ulikuwa wa bei ndogo na una salfa. Silikoni yetu, ya aina inayogandishwa kwa platini, haigandi ikigusana na salfa. Baada ya saa 24, mgongo wa kalibu ulikuwa mgumu na upande wa uso ulikuwa uji unaonata. Kilo mbili zimekwenda na maji: mafungu 5.

Dawa yake: udongo usio na salfa, glavu za nitrili badala ya lateksi, na kabla ya kumwaga kilo, mwaga kijiko kimoja juu ya kipande cha udongo huohuo na ungoje. Maandishi ya "haina salfa" kwenye mfuko yasikutoshe.

16 Februari: Uso, jaribio la pili (limeshindwa pia)

Silikoni nyingine haikununulika. Tukahamia jelatini: jelatini, gliserini na maji kwa vijiko sawa, joto la taratibu, kwenye kalibu ya jasi iliyopakwa mafuta ya mgando. Mezani uso ulipendeza kuliko tulivyotarajia, una uwazi wa ngozi kabisa.

Tulimpaka mwigizaji na kumketisha chini ya taa, bila kurekodi. Dakika ya 40 kingo za mdomo ziliinuka. Dakika ya 70 jasho lilikusanya kifuko chini ya shavu la kushoto. Kufikia saa ya pili kidevu kilikuwa kimeteremka karibu sentimita moja, naye hajatamka hata mstari mmoja. Jelatini inalainika kwa joto lisilozidi sana la mwili. Kwa shoti fupi mahali pa baridi inafaa, kwa kutwa chini ya taa haifai. Mafungu 2.

Ndipo tulipofanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa Januari: uso huo unaonekana kwa sekunde 11 katika filamu nzima. Tumeufuta. Badala yake ni vipande vidogo sita vya gundi ya akriliki iliyokaziwa kwa unga laini wa silika. Gundi hupakwa kwenye kalibu bapa, hugandishwa kwenye friza, hubanduliwa, kisha huachwa ikauke mpaka weupe wake ugeuke uwazi. Unga huo usiupulize wala kuuvuta, vaa barakoa ya vumbi. Jaribu gundi nyuma ya mkono wa mwigizaji saa 24 kabla. Vipande vyote sita: mafungu 2. Kubandika dakika 35, badala ya saa tatu na nusu za uso mzima.

20 Februari: Bandeji

Kichwa cha muuaji ndicho kinachoonekana zaidi, na ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote. Si kwamba hakikutusumbua. Kuzungusha shashi upya kila asubuhi kulichukua dakika 40, na mizunguko haikufanana: shoti moja ina mikunjo mitatu juu ya jicho, inayofuata ina miwili. Tulishona mizunguko yote juu ya kofia ya kubana ya kitambaa cha kunyumbuka, tukaifungua kwa mkasi nyuma na kuweka utepe wa kunatana. Sasa inavaliwa kwa dakika nne, na mikunjo haibadiliki. Tumeshona tatu: safi, yenye doa, na ya mwisho.

Shashi nyeupe mpya iling'aa kupita kiasi chini ya taa, ikawa weupe mtupu kwenye picha. Ilichovywa kwenye chai nyepesi dakika kumi, ikatulia. Upande wa puani tumekata tundu lisiloonekana, kwani pumzi ilikuwa inalowesha kitambaa na doa linakua lenyewe.

28 Februari: Kalamu

Madaktari huchora mistari ya upasuaji mgonjwa akiwa wima, sababu akilala nyama zinahama na mistari inadanganya. Kwa hiyo muuaji wetu hamwangushi mtu. Anamsimamisha kwenye mwanga, anamnyoosha kidevu kwa vidole viwili, anachora taratibu, ndipo anapotoa kisu. Katika mazoezi, hii ilitisha kuliko damu yote iliyofuata. Imetugharimu nusu fungu.

Wino wa zambarau wa kliniki, uliotengenezwa kwa jentiani, haufai: unakaa kwenye ngozi kwa siku kadhaa, na teki ya pili, yaani kurudia shoti ileile, haiwezekani. Penseli ya macho ilifutika kwa jasho. Kilichofaa ni rangi ya mekapu inayoyeyushwa kwa spiriti, ikipigwa kwa brashi kupitia kiolezo cha plastiki chenye vitobo vya vistari, ili kila teki vistari viwe palepale. Kwa shoti ya kalamu ikigusa ngozi, kalamu ni tupu. Mstari unapigwa kwanza, na mkono wa muuaji unaufuata huku kiganja kikiziba sehemu iliyo mbele.

4 Machi: Taa mbili

Jaribio la uso mmoja, mekapu ileile, taa ileile. "Kabla": taa kali bila kitambaa, mita moja juu ya utosi, imesogezwa mbele kidogo, kamera sentimita 35 kutoka puani. Vivuli vinajaa kwenye macho, na pua inapanuka kwa sababu ya ukaribu. "Baada": taa hiyohiyo nyuma ya kitambaa cheupe, juu kidogo ya lenzi, ubao mweupe chini ya kidevu, kamera mita mbili. Watu watatu walionyeshwa picha hizo mbili bila maelezo, na wawili wakauliza alifanyiwa nini.

Filamu yote sasa inaangazwa hivyo. Kliniki inapomwuzia mtu ndoto, ni taa ya "baada". Mtu akibaki peke yake na kioo, ni ya "kabla".

10 Machi: Siku ya 1 hadi ya 4

Mapokezi na chumba cha ushauri vimekamilika. Kosa la kwanza lilikuwa mirija ya mwanga ya dari. Umeme wa hapa ni wa hezi 50. Tulianza kwa fremu 24 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya sekunde 1/48, mistari ikawa inatembea ukutani, na hatukuiona kwenye kioo kidogo cha kamera mpaka jioni. Nusu siku imerudiwa, mafungu 2 kutoka akiba. Shata 1/50 iliondoa tatizo. Penye hezi 60 weka 1/60. Mwendo wa polepole ulisumbua zaidi: kwa fremu 120 kwa sekunde shata haiwezi kufika 1/100, hivyo mwanga unapepesa kwa vyovyote. Tumeshuka hadi fremu 96 na shata 1/100, imetulia.

Programu ya simu ya kulainisha uso haikurekodiwa moja kwa moja. Video iliandaliwa mapema ikachezwa simuni, mwangaza ukiwa nusu.

15 Machi: Vioo

Siku ya 5 hadi ya 7, vioo 14 katika shoti 31. Ili kamera isionekane, weka kabari nyuma ya ukingo wa kioo. Kioo kikiinama nyuzi 3, taswira inahama nyuzi 6, kwa hiyo kabari nyembamba inatosha. Fokasi usiipime hadi kwenye kioo: ni umbali wa kamera hadi kioo, jumlisha kioo hadi uso. Shoti nne zilitoka na vumbi la kioo likiwa kali na uso ukungu, kwa kusahau hesabu hiyo.

Kioo cha kuvunjika kilitengenezwa kwa sukari vikombe viwili, shira kimoja na maji kimoja, hadi nyuzi 150 za Selsiasi. Kilitoka cha manjano, na asubuhi kilikuwa kinanata kwa unyevu. Isomalti, kibadala cha sukari, haigeuki rangi upesi wala hainywi unyevu kama sukari. Tuliimwaga unene wa milimita 4, ikavunjika vizuri. Kuibandika karatasi ya kung'aa nyuma kuligoma, vipande vilibaki vimeshikana. Tumeikata mara mbili: uso kwenye kioo halisi, kisha vipande vya isomalti vikianguka kutoka fremu.

19 Machi: Siku ya 8 hadi ya 12, mauaji

Visu: mshikio halisi wa kisu cha upasuaji namba 3, wembe bandia wenye umbo la namba 15, wa plastiki ya milimita 1 uliofunikwa utepe wa alumini. Wembe halisi hauingii jengoni, hata ukiwa butu, hata kwa shoti ya kung'aa tu. Hili halijadiliwi.

Damu ya shingo ilitoka kwa bomba la sindano la mililita 60 na mpira uliopita ndani ya koti. Teki ya kwanza: kikohozi cha hewa, matone mawili, kicheko. Mpira wa mita 2.5 wenye tundu la milimita 4 unameza mililita 31 kabla tone la kwanza halijatoka, yaani nusu ya bomba. Tangu hapo tunaujaza mpira kwanza hadi damu ichungulie, tunabana mdomo wake, ndipo bomba jipya linaungwa.

Makoti meupe yalikuwa sita, manne yakaisha katika onyesho moja. Teki kavu zote zipigwe kwanza, nyuso za wanaotazama zirekodiwe na koti ambalo limekwisha chafuka, na damu mpya iwe ya mwisho. Mistari ya saruji kati ya vigae ilinyonya wekundu ndani ya dakika chache. Kutandika plastiki wazi kungeokoa mafungu 3 tuliyolipa kupaka upya.

Majirani waarifiwe kwa maandishi kuhusu mayowe, saa na tarehe. Simu za usiku zilikuwa mbili tu.

30 Aprili: Uhariri na wekundu

Siku tatu za kwanza zilirekodiwa kwa biti 8 na 4:2:0, mfumo wa kubana rangi, ili kuokoa diski. Mfumo huo unatunza rangi ya nukta moja kwa kila nukta nne, na nyekundu ndiyo inayoumbuka kwanza: kingo za damu zilikuwa ngazi ngazi. Tulitia ukungu mdogo kwenye rangi peke yake, mwanga haukuguswa, ikapungua. Kuanzia siku ya 4 ni biti 10 na 4:2:2. Diski hazikutosha, ila akiba haikuguswa: tuliazima mbili. Nakala tatu kila jioni, moja inalala nyumba nyingine.

Dakika 97 zimekuwa 81. Zilizokatwa nyingi ni damu.

24 Mei: Sauti

Maneno ya bibi harusi akiwa na bandeji mdomoni hayakusikika. Maiki tuliyoificha kifuani ilinasa shashi ikisuguana. Maneno yote ya maonyesho mawili yamerekodiwa upya chumbani, mafungu 3 ya akiba. Sauti ya kisu ni kabichi iliyokatwa katikati na ngozi laini iliyoloweshwa. Kalamu ilichukua muda zaidi kuliko kisu: karatasi ilisikika kama karatasi, ngozi haikutoa sauti. Jibu lilikuwa kalamu ya ubao kwenye puto lililojazwa nusu, maiki sentimita 8.

11 Juni: Nakala ya ukumbini

DCP, yaani faili za kuonyeshea filamu ukumbini, imetengenezwa kwa DCP-o-matic, programu ya bure: nukta 1998 kwa 1080, fremu 24, diski iliyopangwa kwa mfumo wa ext3. Jaribio la kwanza ukumbini, korido za usiku zilizama gizani. Tulipanga rangi kwenye skrini inayong'aa kupita niti 100 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), ndani ya chumba chenye dirisha, wakati weupe wa sinema ni niti 48. Tumerudi na pazia zito na skrini iliyoshushwa, tukainua vivuli vya korido zote. Jaribio la pili, vistari vya zambarau shingoni mwa mama wa usafi vinaonekana kutoka safu ya nyuma.

Akiba iliyobaki: mafungu 2. Moja ni la diski ya kutuma, jingine la kurudia shoti ya kifuniko cha pua, ambacho siku ya 6 ya hadithi kimevaliwa juu chini na hakuna aliyekiona mpaka leo.